Aliyeonja Kwanza

Tangu kulipopambazuka watu walikuwa wamejazana mbele ya ofisi ya polisi ya mtaa, na neno lilikuwa moja tu midomoni mwao: karuho. Hiyo ndiyo sumu ambayo kila mtu wa Goma anajua kuisimulia, wala hujapata kukutana na mtu aliyewahi kuishika mkononi.

"Atoke atuambie aliweka nini!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Ametoka kwao Kiwanja kuja kutumalizia batoto!"

Kambere Donat alipita katikati yao polepole, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote. Kazi ya upelelezi wa polisi alikuwa ameiacha, ila Goma haikuacha kumwita Inspecteur. Safari hii waliomwita walikuwa wazazi wa shule moja ya msingi ya kata ya Mapendo. Juzi watoto wa shule hiyo walikula maharage ya mchana, yale yanayonunuliwa kwa wakulima wa humu humu mkoani ili watoto wasitegemee mchele wa ng'ambo unaoletwa kwa meli. Jua halijazama, kituo cha afya kilikuwa kimefurika, kila mama na mtoto wake mgongoni, mtoto anatapika. Hakufa hata mmoja. Ila mwanamke wa mji wa Kiwanja aliyeyauza maharage hayo alikamatwa jioni ile ile.

Commissaire Théogène, mkubwa wa ofisi ile, alimpokea akiwa amesimama.

"Donat, kaka, usikae sana. Kesho saa sita jeep inakuja kumupeleka gereza kubwa. Akisha kuingia kule, weye unajua mwenyewe."

Donat alijua. Kule faili hulala miaka, na mwenye faili hulala nalo.

Kasho ilikuwa nyuma ya ofisi, chumba cha mahabusu cha mawe meusi chenye benchi moja. Nyirarukundo, yule muuza maharage, alikuwa amekaa penye mwanga, mwanamke kijana wa mabega mapana, kifua cha blauzi yake kimelowa pande zote mbili.

"Mama, mimi ni Donat. Wazazi njo walinituma."

"Walikutuma unipige?"

"Walinituma niulize."

"Basi uliza. Lakini upesi, sababu maziwa inaniumiza. Mutoto wangu iko Kiwanja na nyanya yake, ananyonya bado."

Donat aliketi ncha ya pili ya benchi. "Maharagi ulitoa wapi?"

"Kwetu. Tuko bamama wa kikundi kimoja, tunalima pamoja. Tulivuna, tukapiga, tukaanika, tukafunga mu magunia, tukapandisha mu Fuso. Haikulala hata mu nyumba ya mutu."

"Muliweka kitu ndani? Dawa ya wadudu? Majivu?"

Alitoa kicheko kifupi kilichomshangaza hata yeye mwenyewe. "Majivu kwa maharagi mupya, papa? Majivu ni ya ile ya kulala, ile unachunga mupaka wakati ya kupanda, ili wadudu isitoboe. Hii ya shule inatoka mu jua inaenda mu chungu."

"Uliifikisha shuleni mwenyewe?"

"Hapana. Niliachia mu depo ya chakula ya mashule, kwa Gentil. Yeye njo anatumaga bachukudu, bale ba baiskeli ya mbao, bapeleke."

"Kuna yenye ilibaki? Hata kidogo?"

"Mu sakoshi yangu kuna kamufuko. Nilikaletea mama mwenye ananilalisha nikifika Goma. Si unajua, huwezi kuvuna halafu ulale kwa mutu mikono mitupu. Sakoshi iko kwa Commissaire." Alimtazama kwa mara ya kwanza usoni. "Papa, uko na simu?"

Donat alimpa. Alizungumza Kinyarwanda kwa sauti ya chini, kisha akabaki kusikiliza tu. Hata kule alikokaa Donat, kilio cha mtoto kilisikika, chembamba, kikitoka mbali. Nyirarukundo aliigandamiza simu sikioni mpaka unite za salio zikaisha.

Aliporudishiwa, Donat aliifuta kwa kiganja, akaangalia kioo. Hakuna aliyekuwa amemtafuta. Mke wake na watoto walikuwa wamebaki Butembo tangu barabara ya kurudi ilipokuwa mbaya. Mwanzo walipiga kila jioni, baadaye kila Jumapili, siku hizi sikukuu. Aliitia simu mfukoni akatoka kwenda kwa Théogène kuomba sakoshi, mkoba wa yule mama.

*

Jiko la shule lilikuwa banda la mabati lililosimama juu ya mawe ya volkano, nyuma ya madarasa. Madarasa yalikuwa yamefungwa. Sahani za plastiki zilikuwa zimepangwa ubaoni, safi, na juu yake inzi mmoja akitembeatembea.

Papa Célestin, mwenyekiti wa komite ya wazazi, alimfikia akihema. "Inspecteur, njoo uone mwenyewe! Tulipata alama ya sumu!"

Akamvuta mpaka nyuma ya banda, mahali mpishi anapomwaga maji. Juu ya mawe meusi kulikuwa na utando mweupe-kijivu uliokauka.

"Umeona? Poda! Maji ya kuoshea maharagi njo ilileta ile poda. Sema sasa ile si karuho."

Donat alichuchumaa. Aliukwaruza utando kwa ukucha, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Kisha, mbele ya macho ya Célestin, akaulamba.

"Yesu! Inspecteur!"

"Majivu," Donat alisema. "Majivu ya kuni, papa, hii ya kila nyumba."

Célestin alisogea nyuma hatua kadhaa, akasimama akimtazama, kama anayengoja aanguke. Donat hakuanguka. Moyoni alikuwa na jambo jingine: Nyirarukundo ameapa kwamba maharage yake hayakuguswa na majivu. Basi ama mwanamke yule anamdanganya, ameleta maharage ya zamani akayaita mapya, ama kilichopikwa hapa hakikutoka kwake.

Mpishi aliitwa Umuhoza, naye alikuwa na mtoto shuleni hapo hapo. Alikuja akijipangusa mikono kwenye aproni ingawa hakukuwa na kazi yoyote ya kuilowesha. Alikuwa na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Mutoto wako naye alikula?" Donat aliuliza.

"Gisubizo? Alikula, papa. Alilala kituo cha afya na sérum mu mushipa. Sasa iko mu nyumba."

"Pole, mama. Ile siku ulipika namna gani?"

"Sawa na kila siku. Niliosha maharagi, nikaweka mu moto, kengele ikalia, nikagawa."

"Maji ya kuosha ilikuwa namna gani?"

Alikawia. "Ilikuwa... na vumbi kidogo."

"Nyeupe?"

"Kidogo."

"Na nani alionja?"

Swali hili Goma halimshangazi mtu. Anayekukaribisha ndiye anayekunywa wa kwanza, mbele ya macho yako, ndipo akupe. Shuleni ilikuwa vivyo hivyo: watoto wakisimama mstari na sahani zao, mpishi huchota kijiko, hula hadharani, husema "iko muzuri", na hapo ndipo mstari unapoanza kutembea.

"Miye njo nilionja," Umuhoza alisema. "Batoto bote banaona. Balimu nao banaona."

"Balimu walikula?"

"Walikula."

"Wakagonjwa?"

"Bote."

"Na weye?"

Umuhoza aliinama akaokota kijiti cha kuni chini, akakiweka juu ya kuni nyingine. "Mungu alinichunga."

Célestin aliitikia kwa kichwa, kwamba Mungu huchunga. Donat hakuitikia. Aliomba gunia lililobaki nusu, lile ambalo wazazi walilifunga kwa kamba kuwa ushahidi, akajichotea maharage ya kujaa kofia. Yalikuwa mekundu, mazuri tu kwa macho. Alipoyachezesha kiganjani, kiganja kikabaki na rangi ya jivu.

Njiani kwenda depo alikuwa akimfikiria mpishi yule. Watu wote waliokula waliugua. Mmoja tu, tena aliyetangulia kula, alibaki mzima. Mtu wa namna hiyo ama anajua kilichomo chunguni, ama hakula.

*

Gentil, mtunza depo, alikuwa mcheshi, shati limepigwa pasi, harufu ya manukato ikimtangulia mlangoni.

"Inspecteur mwenyewe! Leo nitalala kasho na viatu vyangu vipya?"

"Inategemea viatu vimepita wapi."

Gentil alicheka kwa nguvu kuliko mzaha ulivyostahili. "Uliza, muzee. Mimi niko mulango tu. Maharagi inaingia, maharagi inatoka. Mulango haipikagi."

"Magunia ya Kiwanja iko wapi?"

"Ilishakwenda mu mashule yote. Hakuna hata mbegu moja."

Ukumbi wa depo ulikuwa umefagiwa. Kulikuwa na unga wa mahindi, chumvi, madumu ya mafuta. Upande wa kushoto kulikuwa na mlango wa mbao wenye kufuli jipya.

"Na kule?"

"Kule? Mifuko mitupu, na panya. Lufunguo bosi alienda nayo Bukavu."

Donat alitazama kizingiti cha mlango ule. Ufagio ulikuwa umepita kila mahali, isipokuwa pembeni, penye ufa wa sementi. Ufa ulikuwa umejaa vumbi jeupe.

"Hii nini?"

"Vumbi ya volkano, muzee. Si uko Goma? Tunaikula, tunailala."

"Ya volkano ni nyeusi, Gentil."

"Basi ni ya panya," Gentil alisema, akacheka tena, lakini safari hii peke yake. Chukudu mmoja alikuwa akisubiri nje na baiskeli yake ya mbao. Gentil akamwambia kwa ukali arudi kesho.

*

Nyumba ya Donat ilikuwa na vyumba vingi kuliko watu. Tangu familia iondoke hakuwa amepika maharage hata mara moja; nani atachoma makaa mchana kutwa kwa ajili ya sahani moja? Alikula mkate na chai, au ndizi za kuchoma za barabarani, akiwa amesimama.

Mchana huo alitoa uani mbabula mbili, majiko ya makaa; moja ilikuwa ya mke wake, ikabidi aiondolee utando wa buibui. Akawasha makaa kiasi kile kile huku na huku. Akatafuta sufuria mbili zinazolingana. Katika moja alitia maharage ya gunia la shule, akiyaosha mpaka maji yakaacha kuwa ya kijivu. Katika nyingine alitia yale ya kamfuko ka Nyirarukundo. Hayo aliyaosha mara moja, maji yakabaki maangavu, yanayoonyesha chini. Maji sawa, moto sawa. Akavuta kiti, akakaa kuvisikiliza vyungu kama mtu anayesikiliza mashahidi wawili.

Moshi ulipovuka ukuta, kichwa cha Mama Wivine, jirani yake, kilichomoza.

"Inspecteur! Sufuria mbili? Una bageni?"

"Hapana, mama."

"Basi umeoa, na hukutuambia."

"Ni kazi, Mama Wivine."

"Kazi!" Aliyaangalia yale majiko kwa huruma asiyojua kuificha. "Kama ni kazi, weka kitunguu. Hata kazi inatakaga kitunguu." Akampitishia kimoja juu ya ukuta, akatoweka, na nyuma ya ukuta watoto wake wakasikika wakigombania kitu, halafu wakicheka.

Kitunguu Donat hakukitia. Alingoja.

Chungu cha Kiwanja kilianza kunukia kwanza. Harufu ile ilijaa ua, ikaingia mpaka ndani ya nyumba ambamo haikuwa imeingia siku nyingi. Alipochota, mbegu zilikuwa zimepasuka maganda, zikasagika ulimini bila meno kufanya kazi. Akaepua. Papo hapo akaepua na cha shule, maana ndivyo angefanya mpishi aliyezoea maharage mapya: akipika kwa mazoea ya jana, na kengele ikilia, anaepua.

Kwa macho, sufuria zote mbili zilikuwa na kitu kimoja. Mchuzi mwekundu, mbegu zilizovimba. Akachukua kijiko cha maharage ya shule, akauma.

Meno yalikwama. Nje palikuwa laini, ndani palikuwa na kiini kigumu, chenye ladha ya majani mabichi. Akayatema mkononi, akayatazama kwa muda mrefu.

Tangu utoto alikuwa amesikia mama yake akifokea wakwe na mayaya kwa jambo hilo hilo: maharage mekundu ambayo hayajaiva hutapisha watu kama waliolishwa sumu, kisha siku ya pili huamka wazima wakiomba chakula. Nesi wa kituo cha afya naye, Donat alipopita hapo akitoka depo, alimwambia watoto walitapika mbegu zikiwa nzima, hakuna aliyeshikwa na homa, na kesho yake walikuwa wakichezea mirija ya sérum. Basi karuho haikuwapo. Yalikuwapo maharage yaliyolala muda mrefu kwenye majivu mpaka yakawa mawe, nayo yalipikwa kama mapya.

Akampigia Théogène.

"Maharagi ya ule mama haikufika shuleni, Commissaire. Ilibadilishwa mu depo, nafikiri Gentil anaficha mupya auze. Nimepika zote mbili."

"Umepika?"

"Nimepika."

Upande wa pili mlango ulisikika ukifungwa. "Donat. Sufuria haisimamagi mbele ya magistrat kutoa ushuhuda. Nikimuachilia na wale watu wako mu mulango, watasema nilikula mulungula. Na Gentil atasema weye njo ulibadilisha maharagi. Niletee mutu. Mutu mwenye aliona, mwenye atasema kwa kinywa yake mbele ya wazazi. Kesho, kabla ya saa sita."

Simu ikakatika. Donat alibaki na vyungu viwili. Alikula yale ya Kiwanja polepole, kisha akaona yaliyobaki yangeweza kushibisha nyumba nzima. Akayabeba mpaka ukutani, akamwita Mama Wivine, akampa. "Hii ni salama," alisema. Mama Wivine aliipokea sufuria kwa mikono miwili, akamwangalia, akangoja. Donat alikumbuka desturi, akachota kijiko, akala mbele yake.

Hapo ndipo lilipomjia lile la Umuhoza. Kijiko kimoja tu kinatosha kujua. Mpishi wa miaka yote hiyo, meno yake hayawezi kukosa kujua.

*

Asubuhi alimkuta Umuhoza nyumbani kwake, chumba cha mbao kilichoinuliwa juu ya mawe. Gisubizo, mtoto wa darasa la kwanza, alikuwa kitandani akichana karatasi. Donat aliweka juu ya meza sahani iliyofunikwa, akaifunua. Yalikuwa maharage ya gunia la shule, aliyoyapika jana.

"Onja, mama."

Umuhoza hakuinyoosha mikono.

"Unaogopa karuho?"

"Hapana."

"Unaogopa nini?"

Alimtazama mtoto. "Gisubizo, enda kucheza inje."

"Mama, ulisema nisitoke."

"Nimesema enda."

Mtoto alitoka na karatasi yake. Umuhoza aliketi kitandani, mahali penye joto la mtoto.

"Ile siku uliweka mu kinywa," Donat alisema. "Batoto waliona. Balimu waliona. Kisha?"

"Kisha nilisema iko muzuri."

"Na kijiko?"

Alifunika uso kwa aproni. Hata nyumbani alikuwa ameivaa. "Niliweka pembeni ya shavu. Nikaenda nyuma ya jiko, nikaitema."

Nje, mtoto alisikika akizungumza peke yake.

"Asubuhi, wakati niliosha, maji haikukubali kusafika," Umuhoza aliendelea. "Nikajua ile haikuwa ya bamama wa Kiwanja. Ya bamama inakuja safi. Nilimupigia Gentil. Nikamwambia, Gentil, hii umetuma ni maharagi ya kulala, nipe kuni zingine. Akacheka. Akasema, maharagi ni maharagi, weye kazi yako ni kuivisha. Nikaweka na zile kuni nilikuwa nazo. Kuni ikaisha. Kengele ikalia. Bakakuja, papa. Na masahani. Banaimba ule wimbo wao ya chakula. Weye hujawahi kusimama mbele yabo."

"Ungewaambia haijaiva."

"Bangerudi mu nyumba vile balitoka. Wengine njo chakula ya siku ile, hakuna ingine. Nilisema, itawashikashika tumbo kidogo tu, itapita. Gisubizo alikuwa mu mustari. Nilimuwekea ya kwake na mukono yangu." Alishusha aproni, akautazama mkono wenyewe. "Ningewanyima, papa, bangelia. Nikawapa."

"Kwa nini hukusema siku ya pili?"

"Nikisema, nani atanipa tena mwiko? Miye peke yangu njo niko na Gisubizo. Na watu walishaanza kusema karuho. Nikaona wamepata mutu."

"Huyu mutu ana mutoto wa kunyonya Kiwanja."

Umuhoza aliinua kichwa. Ilionekana wazi kwamba hilo hakuambiwa.

"Saa sita wanamupeleka gereza," Donat alisema. "Sitakukokota, mama. Mimi si polisi tena. Nitatoka hapa, nitakwenda kwa miguu mpaka kule. Sitatembea mbio."

Akafunika sahani, akaiacha mezani, akatoka. Alipita vibanda vya makaa, fundi wa baiskeli, akavuka barabara ya vumbi jeusi bila kugeuka nyuma. Jua lilikuwa limepanda sana. Karibu na kona ya mwisho alisikia kandambili zikimfuata kwa kukimbia, halafu zikapunguza mwendo, zikawa zinalingana na viatu vyake.

"Nimemuachia jirani mutoto," Umuhoza alisema.

*

Jeep ilikuwa imekwisha fika, injini inaguruma. Watu walikuwa wengi kuliko jana. Célestin alikuwa mbele, mkono juu, akiongoza kelele. Umuhoza alipanda ngazi ya ofisi, akasimama mahali ambapo kila mtu aliweza kumwona, kama alivyozoea kusimama mbele ya mstari.

"Hakuna karuho," alisema. Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa sauti ya jikoni, ile inayofika darasa la mwisho: "Hakuna karuho! Maharagi haikuiva. Ni miye nilionja, nikajua, nikawapa. Gentil alituma ya zamani, nikamwambia, akakataa. Ule mama wa Kiwanja hata mimi sijawahi kumuona."

Kelele zilikatika kipande kipande, kuanzia mbele kwenda nyuma. Célestin alishusha mkono, akautazama kama si wake.

Ndani, Théogène aliandika maneno yale yote, akamtia Umuhoza wino wa kidole. Kisha akamwambia askari, "Ule atoke. Huyu abaki, mpaka tumupate Gentil na tufungue kile chumba chake."

Mlango wa kasho ulikuwa mwembamba. Wanawake wawili walikutana hapo, na hakuna aliyeweza kupita bila mwingine kujigeuza ubavu. Nyirarukundo alisimama.

"Ni weye mpishi?"

"Ni miye, dada."

"Ulijua maharagi haikuwa yangu?"

"Nilijua."

Nyirarukundo alivuta pumzi. Ilionekana ana maneno mengi ya kusema. "Mutoto wako, balisema naye alilala hospitali. Anakula?"

"Uji. Leo aliomba ndizi."

"Basi," Nyirarukundo alisema. "Basi." Akajigeuza ubavu, akapita.

Nje, alikubaliana na mtu wa pikipiki kwa maneno machache, akapanda, akashika chuma cha nyuma. Hakumuaga mtu. Waliokuwa wakimtukana walimpisha njia, wakitazama viatu vyao, na hakuna aliyemwambia pole. Pikipiki ilielekea kaskazini, barabara ya Kiwanja, ikawa ndogo, ikawa vumbi.

Askari wawili walipanda jeep. Mmoja alimwita Donat: waende depo kabla Gentil hajapata habari. Donat alikuwa ameshika mlango wa gari aliposikia sauti ya Umuhoza kutoka kwenye tundu la kasho.

"Inspecteur! Kesho bakifungua shule, nani atapikia batoto?"

Donat aligeuka. "Nitauliza wazazi," alijibu.

Akatafuta kwa macho mtu wa kumuuliza. Mbele ya ofisi palikuwa patupu, wazazi wote wameshaondoka mmoja mmoja. Hata Célestin alikuwa amekwenda zake.